Barua Katikati ya Wachezaji

Timu yetu ilikuwa mbovu. Naanza na hilo kwa sababu mtu ambaye hajawahi kupenda timu mbovu hawezi kuelewa kwa nini wanaume wawili wazima, wenye familia na migongo inayouma, walikuwa wanashinda wakibishana kuhusu vijana wa Marekani ambao hawajawahi kuwaona na hawatawaona. Mwenye timu nzuri anaangalia mechi. Mwenye timu mbovu anaangalia mbegu. Kila mwaka anajiambia kwamba hawa wa sasa ni mikosi mitupu, lakini wale wanaokuja, ah, wale wanaokuja ngoja tu.

Tulifanya kazi kwenye ghala moja pale St Marys, pembeni mwa Sydney, Australia. Mimi niliendesha foklifti, yeye alifunga mizigo kwa plastiki na kubandika lebo. Mimi ni Mkenya. Nilikuja Sydney kwa sababu mke wangu ni nesi na hospitali ilimhitaji. Mimi niliingia nchi hii kwa mgongo wake, na sioni aibu kusema. Mwenzangu ni Mkongomani wa Kivu. Yeye aliletwa kama mkimbizi kutoka kambi moja ya Uganda, pamoja na wadogo zake wawili, baada ya kungoja miaka mingi. Tuliongea Kiswahili, ingawa Kiswahili chake kilinikera. Nilikuwa namsahihisha mbele za watu kama mwalimu wa darasa la tatu. Yeye alicheka tu. Siku hizi nikikumbuka natamani angenizaba kofi.

Besiboli tuliikuta kwenye chumba cha chai. Televisheni ya pale ilikuwa imekwama kwenye stesheni moja ya michezo kwa sababu rimoti ilipotea, na saa nne asubuhi, tukitoka kunywa chai, Marekani walikuwa usiku wanacheza. Msimamizi wetu, mzee wa Kizungu aliyeicheza utotoni huku huku magharibi mwa Sydney, alituelezea sheria kwa chupa ya sosi na vijiko. Baadaye likaja boksi la kofia zilizokataliwa dukani kwa sababu nembo ilishonwa upande. Akatugawia. Kofia hizo ndizo zilizotuchagulia timu, na kama boksi lingekuwa la timu nyingine pengine tungepata raha kidogo duniani.

Kila mwaka, katikati ya mwaka, timu zote za Marekani hukaa na kugawana vijana wanaotoka shuleni na vyuoni. Zinachagua kwa zamu, timu mbovu ikitangulia, na raundi moja ikiisha inaanza nyingine. Miaka hiyo raundi zilikuwa arobaini. Anayeitwa raundi ya kwanza anakuwa mtu mkubwa siku hiyo hiyo. Anayeitwa raundi ya arobaini anaitwa ili orodha ijae. Na hata kuitwa kwenyewe si kufika: unapimwa afya, unatia saini, unapelekwa kwenye ligi ndogo za miji isiyojulikana, na huko wengi wanaozea. Wale chipukizi tuliwafuata kwa majina, mikono yao, viwiko vyao vilivyopasuliwa, wachumba wao. Kila mmoja wetu alichagua wake wa kumwombea mwaka mzima. Mimi nilichukua wa juu. Mwenzangu, kila mwaka, alichukua wa mwisho kabisa.

"Wewe ni mtu wa aina gani?" nilimwuliza mwaka wa 2019. Alikuwa amemchukua mrushaji mmoja wa mkono wa kushoto, raundi ya arobaini, kutoka chuo ambacho hata msimamizi hakukijua. "Huyo hata mama yake hajui kama atafika."

"Mama yake anajua," akasema. "Mukubwa, wa kwanza iko na batu mingi ya kumuombea. Huyu wa mwisho iko na nani? Mi najua ile liste. Ku kambi banabandika liste ku mbao, kila mutu anaanza kutafuta jina yake juu. Mi nilikuwa naanza chini. Na jina yetu ilikuwa chini."

Nilimcheka. Lakini ndivyo alivyouona ule mchezo wote, na baada ya muda nikaanza kuuona hivyo hivyo: watu wamekaa mahali, mtu mwingine ameshika karatasi, na ama utasomwa ama hutasomwa.

Ili kusoma habari za chipukizi ilibidi mtu ajiandikishe kwenye majarida ya mtandaoni, na kujiandikisha kunataka anwani ya barua pepe. Tukafungua moja, ya wote wawili, mezani pale pale kati ya vikombe. Neno la siri lilikuwa jina la timu. Nikaiweka kwenye simu yake na kwenye simu yangu, na tukawekeana utaratibu. Barua ambayo haijafunguliwa huonekana kwa wino mzito. Iliyofunguliwa hupauka. Basi mimi nikiona iliyopauka najua mwenzangu ameisoma, na kama ina maana ataniambia. Naye vivyo hivyo. Hakuna kusoma kitu kimoja mara mbili. Mimi ndiye niliyetunga sheria hiyo na nilijivunia sana, maana mimi ni mtu wa ghala, napenda kila kitu kipite mlango mmoja. Kwa besiboli ilifanya kazi vizuri ajabu. Yeye aliitumia pia kujifunza Kiingereza, akisoma habari za viwiko vya watu kwa sauti ya chini huku akivuta plastiki.

Mama yake alikuwa bado kambini. Wakati wa kukimbia vita walipotezana, na alipopatikana, faili la watoto lilikuwa limeshakwenda mbele bila yeye. Kwa hiyo mtoto ilibidi amwombee viza kutoka huku, kwa fomu nene yenye maswali ambayo ukiyajibu vibaya unaanza upya. Kiingereza chake hakikutosha. Changu kilitosha, na Mkenya akipewa fomu ya Kiingereza aijaze anajiona wakili. Nilimjazia yote jikoni kwangu Rooty Hill, Jumamosi mbili, mke wangu akitupikia chapati. Tulipofika kwenye nafasi ya barua pepe nikamwuliza, "Email yako?"

"Si ile yetu?"

Nikaiandika ile yetu. Sikufikiri hata kidogo. Niliandika kwa herufi nzuri, nikakagua mara mbili kwamba sijakosea nukta.

Mambo yalikwenda. Mama aliitwa kuhojiwa. Mwanzoni mwa 2020 aliitwa kupimwa afya huko Kampala, kifua, damu, macho, akapita vyote, mwanamke wa zaidi ya miaka sabini. Mwenzangu alileta keki ghalani. Alinunua kitanda akakiweka chumba cha wadogo zake, akakitandika shuka za maua. Mwezi wa tatu Australia ikafunga mipaka kwa sababu ya corona, na kitanda kile kikakaa kimetandikwa.

Huko Marekani nako ligi ndogo zote zikafutwa mwaka huo. Chipukizi walikaa nyumbani wakirusha mipira ukutani. Kisha timu zikaanza kuwaachilia mamia kwa barua moja moja, na yule mrushaji wa mkono wa kushoto alikuwa kati yao. Nilikuwa wa kwanza kuisoma habari hiyo. Nikamsomea wakati wa chai, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma hali ya hewa.

Akasukuma kikombe chake pembeni. "Mi nilisema, kama huyu anafika, mama pia anafika."

Nikakasirika. "Yaani wewe unaenda kanisani kila Jumapili, halafu unamweka mama yako kwenye mkono wa kushoto wa kijana wa watu? Listen, bro. Mama yako ana file. File iko ofisini. Mipaka ikifunguliwa, watamwita. Mimi ndiye nasimamia hiyo file, ama siyo?"

"Ni weye, mukubwa."

"Basi tulia."

Mwaka huo walichagua raundi tano tu. Wale wa chini, watu wake, walifutwa wote kwa mpigo mmoja. Tuliwaona vijana wakiitwa wakiwa wamekaa kwenye makochi ya nyumbani kwao, mama zao wakilia pembeni, na mwenzangu aliangalia mama hao tu, hakuuliza hata vijana wanacheza nafasi gani. Msimamizi wetu alistaafishwa mwezi uliofuata. Timu ikashindwa kama kawaida.

Katikati ya 2021 ugonjwa ukatufikia sisi hasa, magharibi mwa jiji. Watu wa ufukweni, upande wa wenye pesa, waliogelea. Sisi tulipita barabarani na barua ya mwajiri, helikopta ya polisi ikituzungukia juu, na kila siku tatu tulichokolewa pua kupimwa kabla ya kuruhusiwa kuingia kazini. Ghala halikufungwa, maana watu waliofungiwa nyumbani walikuwa wananunua kila kitu kilichopo duniani. Chumba cha chai ndicho kilichofungwa. Viti vilipangwa juu ya meza na utepe ukavutwa mlangoni. Basi tukahamia uwanja wa magari. Kila mtu alikaa ndani ya gari lake, nafasi moja tupu katikati, vioo chini, tukapiga domo kwa kupaza sauti kama majirani wa kuta za mabati.

Uteuzi wa chipukizi wa mwaka huo ulianguka humo humo, asubuhi tatu mfululizo za baridi ya mwezi wa saba. Raundi ishirini. Nasema kweli, sijui kama nimewahi kuhitaji kitu kama nilivyohitaji asubuhi zile tatu. Mke wangu alikuwa analala chumba cha wageni ili asituambukize. Watu wa kanisa letu walikuwa wanazikwa kwa Zoom. Na hapa palikuwa na orodha mpya, majina safi, vijana ambao hawajakosea chochote bado. Siku ya tatu ndiyo yenye raundi nyingi, na tuliiba dakika kila tulipoweza kukimbilia magarini. Barua zilimiminika. Kila jina lililotajwa, majarida manne yaliandika. Nilizifungua kwa kidole gumba moja baada ya nyingine, nikisoma mstari mmoja na kuruka, huku nikimpigia kelele mwenzangu: "Tumechukua mdakaji! Mdakaji mwingine! Hawa watu wamelogwa?"

"Iko na mukono muzuri?"

"Mkono wa nini, anatembea kama bata!"

Tulicheka mpaka mlinzi akaja kutuambia tuinue barakoa.

Mwezi wa tisa, mchana mmoja baada ya zamu, niliketi garini nikafungua barua pepe. Kulikuwa na moja ya wino mzito kutoka ofisi ya viza. Iliandikwa kwa adabu. Ilisema kwamba walikuwa wameandika kuomba mwombaji athibitishe anwani yake na akapimwe afya upya, kwa kuwa vipimo vya kwanza vilikuwa vimepitwa na muda. Walikuwa wametoa siku ishirini na nane. Hawakupata jibu. Ombi limefungwa, na akipenda anaweza kuomba tena.

Nikashuka kwenye barua za zamani, chini, chini, chini. Nilikuwa na hakika hawakuandika. Nilikuwa nimeshaanza kuandaa Kiingereza cha kuwatukana. Nikaikuta. Ilikuja siku ya tatu ya uteuzi, katikati ya barua mbili kuhusu yule mdakaji wetu na nyingine kuhusu kijana wa raundi ya kumi na mbili. Haikuwa na wino mzito. Ilikuwa imepauka kama zile zingine.

Hapa ndipo ninapotaka kusema kitu ambacho sijakisema, hata kwa mke wangu. Niliikumbuka. Si maneno yake. Niliikumbuka sura yake. Jina la ukoo la mwenzangu kwa herufi kubwa juu kushoto, na chini yake aya fupi fupi. Majarida ya besiboli hayamwandikii mtu kwa jina la ukoo. Kidole changu kilikuwa kimeifungua, macho yangu yaliliona jina, na nikajiambia, hii nitaisoma nyumbani kwa utulivu. Kisha raundi ya kumi na mbili ikaitwa. Nilipofika nyumbani ilikuwa imepauka, na mimi kwa sheria yangu mwenyewe nilikuwa nasoma zenye wino mzito tu.

Yeye aliiona imepauka kwenye simu yake, akajua mukubwa ameisoma. Na kama ina maana, mukubwa atasema.

Nilimwita. Alikuja akasimama mbali kidogo na kioo changu, akifuta mikono. Nilimweleza kwa Kiswahili, barua ya pili kwanza, halafu ya kwanza, nikamwonyesha tarehe. Nilisema "barua ilifunguliwa." Sikusema imefunguliwa na nani. Mtu anayejua Kiswahili vizuri anaweza kuongea nusu saa nzima bila kumtaja mtenda, na mimi najua Kiswahili vizuri.

Alichukua simu yake akaitafuta ile barua, akaiangalia muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inatembea, alikuwa anaisoma. Aliisoma yote, kwa Kiingereza alichojifunza kwenye viwiko vya watu.

"Ni mi," akasema.

"Ni wewe nini?"

"Ni mi nilifungua. Ile siku nilikuwa nafungua zote, nilikuwa natafuta wa mwisho. Nikaifungua, nikapita." Alipandisha mabega. "Mukubwa, weye haungeiacha. Weye unasomaka kila kitu."

Ningeweza kusema hapo. Neno moja tu lilihitajika, na alikuwa amesimama akinitazama, wala hakuwa na haraka. Nilifikiria jikoni kwangu, chapati, na jinsi nilivyogonga kifua kuhusu lile faili. Nikamwambia, "Tutaandika tena." Nikaanza hapo hapo kuongea mambo ya rufaa, vifungu, sababu za huruma, maneno makubwa makubwa, na yeye akawa anaitikia kwa kichwa.

Tuliandika. Niliandika barua ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika, nikaeleza karantini, lugha, na umri wa mama. Nilipofika mahali pa kueleza kwa nini hatukujibu, niliandika kwamba barua haikuonekana kwa wakati. Wakajibu baada ya wiki chache, kwa adabu ile ile, kwamba uamuzi umesimama na kwamba maombi mapya yatapangwa nyuma ya yaliyopo. Nilipiga simu. Nilienda hadi Parramatta kumwona mshauri wa wakimbizi mara tu tuliporuhusiwa kutoka, na akaniambia kwa upole kwamba foleni ni ya miaka. Nikamkumbusha umri wa mama. Akasema ameusoma.

Mwenzangu ndiye aliyebaki na kazi ya kumwambia. Aliahirisha, akaahirisha, mwishowe akaniomba niwepo. Ilikuwa saa tisa alasiri, zamu imekwisha, na huko Uganda ni asubuhi. Tulikaa kwenye magari yetu kama kawaida. Alimpigia kwa video, akaweka sauti juu ili nami nisikie.

Walisalimiana sana. Mama aliwaulizia wale wadogo wawili mmoja mmoja. Nyuma yake watoto walikuwa wanapigana na mtu alikuwa anapasua kuni. Kisha mwenzangu akamwambia kwamba faili limefungwa.

"Ni juu ya corona?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Ni mi. Barua ilikuja, nikaifungua, nikaiacha. Kosa ni yangu."

Kuni zilipasuliwa mara mbili, tatu. Mimi nilikuwa nimeshika usukani wa gari lililozimwa. Nilisikia kila neno, na mdomo wangu ulikuwa mzima.

"Bon," mama akasema. "Weye uko muzima?"

"Niko muzima, mama."

"Bale batoto iko bazima?"

"Bazima."

"Basi." Akavuta pumzi. "Na ule mutu wa barua? Iko hapo?"

"Iko hapa."

Mwenzangu akashuka, akaja hadi kwenye kioo changu akaniingizia simu kwa mkono ulionyooka. Nikaona paji la uso, kitambaa cha kichwa, halafu macho yake yakashuka yakanipata.

"Mutoto wangu," akasema, "aksanti kwa zile barua zote. Ulihangaika sana juu yetu. Mungu akubariki, weye na nyumba yako."

Nikashusha barakoa ili anione vizuri, nikasema amina.